Kodi ya Ziada ya Medicare: Angalia Kisanduku cha 6

Msimu wa kodi ukifika huku Marekani, mimi hugeuka mhasibu wa ukoo. Sikusomea uhasibu. Nilisomea tarakilishi, na kwa miaka mingi nimekula kwa kuandika programu za mishahara, kwanza Nairobi na sasa hapa Dallas. Lakini watu wakishasikia kazi yako inahusu mishahara, hawaulizi zaidi. Simu huanza Februari na haziishi mpaka tarehe 15 Aprili ipite. (Kwa Kiswahili chetu sisi wanaprogramu, mchana naandika kodi na usiku nahesabu kodi. Mzaha huu nimeutumia mara nyingi, mnisamehe.)

Leo nataka kuzungumzia kodi moja ndogo sana, ya asilimia 0.9. Msimu wa mwaka 2025 niliishika mara tatu, kila mara ikiwa na sura yake. Kwa dada yangu ilikuwa deni. Kwangu ilikuwa pesa ya kurudishiwa. Kwa rafiki yangu mmoja ilikuwa pesa ambayo imekaa serikalini miaka mitatu bila mwenyewe kujua ipo. Sheria ni ileile, fomu ni ileile.

Tuanze na Medicare yenyewe. Ni bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.45 ya mshahara, na mwajiri huongeza 1.45 nyingine kutoka mfukoni mwake. Makato haya hayana kikomo. Ndugu yake, Social Security, hukata asilimia 6.2 lakini hukoma mshahara ukifika kiwango fulani. Kwa mwaka 2024 kiwango kilikuwa dola 168,600. Walio nyumbani wanaweza kulinganisha na yale yaliyotupata sisi. NHIF ya zamani ilikuwa na kikomo, hata bosi mkubwa hakukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Halafu Oktoba 2024 ikaja SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya afya, ile iliyotiwa sahihi na Barack Obama, na ndani yake mliwekwa kodi mpya iitwayo Kodi ya Ziada ya Medicare. Ilianza kukatwa tarehe 1 Januari 2013. Ni asilimia 0.9 juu ya ile 1.45, na hii mwajiri haongezi chochote, ni ya mfanyakazi peke yake. Hutozwa kwa mshahara unaozidi kizingiti, na kizingiti hutegemea hali yako ya ndoa. Asiye na mwenzi ni dola 200,000. Mume na mke wanaowasilisha ritani moja ni 250,000 kwa jumla yao. Walio kwenye ndoa lakini kila mmoja anawasilisha ritani yake ni 125,000 kila mtu. Viwango hivyo havikufungwa kwenye mfumuko wa bei. Vilivyoanza kutumika mwaka 2013 ndivyo vilivyoko mpaka leo, kwa hiyo kila mwaka mishahara ikipanda kidogo, watu wengine wapya wanaingia wavuni.

Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye namna ya kukata.

Sheria inamwambia mwajiri hivi: anza kukata asilimia 0.9 pale tu wewe mwenyewe unapokuwa umemlipa mfanyakazi huyu zaidi ya dola 200,000 ndani ya mwaka huu wa kalenda. Basi. Usimuulize kama ameoa. Usimuulize mke analipwa kiasi gani, wala kama ana kazi nyingine usiku. Mwajiri ana 200,000 moja kwa watu wote, ilhali mtoza kodi ana vizingiti vitatu. Sisi wa programu tunaijua hali hii: mifumo miwili inahesabu kitu kimoja kwa kanuni mbili, kisha mwisho wa mwaka kuna mtu lazima akae chini alinganishe. Mtu huyo ni wewe, na karatasi ya kulinganisha inaitwa Fomu 8959.

Kwa upande wa mwajiri, msimbo wenyewe ni mistari mitatu. Nimeuandika zaidi ya mara moja maishani:

kizingiti = 200000
ziada = max(0, jumla_mpya - kizingiti) - max(0, jumla_ya_awali - kizingiti)
kodi_ya_ziada = ziada * 0.009

Tuseme mpaka mwezi uliopita umelipwa 196,500, na malipo ya leo ni 9,000. Jumla mpya ni 205,500. Sehemu iliyovuka ni 5,500, na makato ni dola 49.50. Malipo yanayofuata yatakatwa kwa ukamilifu mpaka Desemba, halafu Januari kipimo kinarudi sifuri. (Kwa vijana wanaoanza kazi hii: msihesabu pesa kwa desimali za kawaida za tarakilishi. 0.009 haiandikiki kikamilifu kwa namba za mbili. Hesabuni kwa senti, namba nzima, na mkadirie mara moja tu mwishoni. Nimeona timu nzima ikitafuta senti moja kwa siku mbili.)

Angalia kile ambacho msimbo huu haujui. Haujui ndoa. Haujui kazi ya pili. Hapo ndipo dada yangu anapoingia.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Mume wake, shemeji yangu, anafanya kazi ya mitandao katika kampuni moja. Mwaka 2024 dada alikuwa na hospitali mbili: ile ya kila siku iliyomlipa 118,000, na nyingine ya wikendi iliyomlipa 41,000. Shemeji alipata 146,000. Hiyo kazi ya wikendi ilikuwa na sababu yake. Mama yetu alihitaji upasuaji wa macho yote mawili, na dada alikuwa ameahidi kwamba gharama ya jicho la pili ingetoka kwenye pesa za kurudishiwa kodi. Walikuwa wamepiga hesabu yao ya kurudishiwa dola 1,130. Walipomaliza kujaza ritani kwenye programu, ikasema 635.

Dola 495 zimeenda wapi? Hizo ni zaidi ya shilingi elfu 63 kwa kiwango cha wakati ule, na kule nyumbani tarehe ya daktari ilikuwa imeshapangwa.

Shemeji akanipigia simu usiku. “Shemeji, hebu nieleze. Hii hospitali ya pili imetuibia?” Alikuwa na hakika kwamba ofisi ya mishahara ya ile hospitali ndogo ilikuwa imezembea, haikukata ilichopaswa kukata, na alitaka dada aende kuwakabili Jumatatu asubuhi. Tena alikuwa na la pili, na hilo ndilo lililonifanya nivae viatu niende kwao badala ya kueleza kwenye simu. Alisema kama kazi ya wikendi inawaongezea kodi namna hii, afadhali dada aiache. Dada alikuwa jikoni, na nilimsikia akinyamaza kile kimya cha mtu mwenye mengi ya kusema.

Nikafika, tukaweka zile W-2 tatu mezani. (W-2 ni kama P9 ya kwetu, karatasi ya mwaka inayoonyesha ulilipwa nini na ukakatwa nini.) Nikawaambia tuangalie kisanduku cha 5 peke yake, ndicho kinachoonyesha mshahara kwa ajili ya Medicare. 118,000, 41,000, 146,000. Hakuna hata mmoja uliofika 200,000. Kwa hiyo hakuna mwajiri aliyetakiwa kukata hata senti ya ile 0.9, wala hakuna aliyezembea. Wote watatu walifanya sawasawa kama sheria inavyosema. Lakini kwa pamoja ni 305,000, na kizingiti cha mume na mke ni 250,000. Imezidi kwa 55,000. Asilimia 0.9 ya hiyo ni 495. Dola kamili, haikupungua wala kuzidi.

Shemeji akaangalia hesabu, akaifanya upya kwa simu yake, akakubali. Lakini hakukubali lile la pili. “Si ndiyo nasema, kazi ya wikendi ndiyo imetuvusha.”

Hapana. Bila ile 41,000 wangekuwa na 264,000, ambayo bado imezidi kwa 14,000, na wangedaiwa dola 126. Kwa hiyo kazi ya wikendi ilileta dola 369 za kodi hii. Ni 369 kutoka 41,000. Hata ukijumlisha kodi ya mapato na makato mengine, hakuna mahali ambapo kuvuka kizingiti hiki kunakuacha na pesa kidogo kuliko kabla ya kuvuka, kwa sababu asilimia 0.9 hutozwa kwa kile kilichozidi tu, si kwa mshahara wote. Hili nalirudia kwa watu kila mwaka na kila mwaka kuna anayeniangalia kana kwamba nimetumwa na serikali. Kama dada anataka kuiacha wikendi kwa sababu amechoka, hiyo ni sababu nzuri sana, na ni yake. Kuiacha kwa sababu ya asilimia 0.9 ni hesabu mbaya.

Dada akatoka jikoni akasema maneno mawili matatu ambayo sitayaandika hapa.

Faini? Hawakupata. Faini ya kulipa pungufu huwahusu wale ambao, baada ya makato yote, bado wanadaiwa dola 1,000 au zaidi, na hata hapo kuna njia za kuepuka. Wao walikuwa bado wanarudishiwa 635, kwa sababu makato ya kodi ya mapato yalikuwa yamezidi na yakaifidia ile ya Medicare. Ndani ya ritani vyungu vyote humiminwa kwenye sufuria moja.

Kilichobaki ni mwaka uliofuata. Dada alienda ofisi ya mishahara akaomba wamkatie Kodi ya Ziada ya Medicare mapema, wakamwambia haiwezekani. Nao walisema kweli: mfanyakazi hawezi kumwomba mwajiri aanze kukata kodi hii kabla ya 200,000. Anachoweza ni kujaza upya fomu ya W-4, na pale hatua ya 4, mstari wa c, aandike kiasi cha ziada cha kodi ya mapato kikatwe kila malipo. Nilimwambia aandike dola 20. Analipwa mara 26 kwa mwaka, hiyo ni 520, inatosha kwa mwaka kama ule. Pesa zinakatwa kwa jina la kodi ya mapato, lakini mwisho wa mwaka zinalipa deni la Medicare bila ubishi.

Hapa niweke neno kwa wauguzi wengine, maana nimeulizwa. Sheria ya Julai 2025 ilileta punguzo kwa malipo ya saa za ziada, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028. Wengi wamesikia kwamba saa za ziada sasa hazina kodi. Punguzo lile ni la kodi ya mapato, tena kwa ile sehemu ya nyongeza tu, tena hupungua kipato kikiwa kikubwa. Medicare haikuguswa. Kila saa ya ziada bado inaingia kisanduku cha 5, na kisanduku cha 5 ndicho kinachohesabiwa kwenye 8959.

Sasa mimi. Kwangu mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 2024 mshahara wangu pamoja na hisa za kampuni ulifika 232,400 kwenye kisanduku cha 5. Hisa ndizo zilizonivusha, si mshahara: siku hisa zinapokuwa zako rasmi, thamani yake huhesabiwa kama mshahara wa siku hiyo. Mwajiri wangu akavuka 200,000 mwezi wa Oktoba akaanza kukata. Mpaka Desemba alikuwa amekata 0.9 ya 32,400, yaani dola 291.60. Mke wangu anafundisha chekechea saa chache kwa juma, alipata 9,800. Pamoja ni 242,200. Kizingiti chetu ni 250,000. Kwa hiyo hatukudaiwa kodi hii hata kidogo, na zile 291.60 zilikuwa zetu.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja aliye katika hali kama yangu aliandika barua pepe akiomba wasimkate, akaambatisha na ushahidi kwamba mkewe hana kazi. Hawakumsikiliza, na hawakuwa na ruhusa ya kumsikiliza. Mwajiri lazima akate hata kama anajua fika kwamba mwisho wa mwaka huyu mtu hatadaiwa. Pesa hurudi kwa njia moja tu, kupitia ritani.

Njia yenyewe ni sehemu ya tano ya Fomu 8959, na naona inafaa niieleze polepole kwa sababu ndiyo watu wengi wanairuka. Sehemu ya kwanza inauliza kama unadaiwa: mstari wa 1 unaandika jumla ya visanduku vya 5, unatoa kizingiti, kilichobaki unazidisha kwa 0.009. Kwetu ilitoka sifuri. Mtu akiona sifuri anafikiri fomu imekwisha. La, shuka chini. Mstari wa 19 unaandika jumla ya visanduku vya 6, yaani Medicare yote iliyokatwa; kwetu 3,803.50. Mstari wa 21 unaandika kile ambacho kingekatwa kama ingekuwa 1.45 tu: 242,200 mara 0.0145 ni 3,511.90. Mstari wa 22 ni tofauti: 291.60. Hiyo inateremka mpaka mstari wa 24, na kutoka hapo inahamia kwenye Fomu 1040, mstari wa 25c, ambapo inakaa pamoja na kodi nyingine uliyokwisha kukatwa. Ukikadiria kwa dola nzima, kama fomu inavyoruhusu, ni 292. Kama shilingi elfu 37. Si utajiri, lakini si pesa ya kumwachia mtu.

Tahadhari moja kabla sijasahau. Watu huangalia kisanduku cha 1, ambacho ni mshahara kwa kodi ya mapato, wakaona hawajafika 200,000 wakafunga bahasha. Akiba ya uzeeni ya 401(k) ya kawaida hupunguza kisanduku cha 1 lakini haipunguzi cha 5. Mtu aliyeweka 23,000 kwenye akiba hiyo mwaka 2024 anaweza kuwa na 192,000 kisanduku cha 1 na 215,000 kisanduku cha 5. Amevuka, na amekatwa. Na sheria ya fomu ni kwamba hata W-2 moja tu ikiwa na zaidi ya 200,000 kisanduku cha 5, lazima ujaze 8959, iwe unadaiwa au hudaiwi.

Ndilo lililompata rafiki yangu, tuliyesoma naye chuo kule nyumbani. Yeye ni mhandisi wa programu kama mimi, mke wake anakaa na watoto wadogo watatu, mshahara ni mmoja. Ritani zake alikuwa akijaziwa na mtu mmoja wa mtaani kwao mwenye ofisi ndogo, kwa ada ya dola 250 kila mwaka. Februari 2025 alinitumia ritani ya mwaka uliotangulia nimsaidie kulinganisha kitu kingine kabisa, mkopo wa nyumba. Nikaona W-2 yenye 238,000 kisanduku cha 5, na hakuna Fomu 8959 popote.

Nikamuuliza za nyuma. Zote zilikuwa hivyohivyo. Yule mtu wa kodi alikuwa akiingiza kisanduku cha 1 na cha 2 kwenye programu yake, vingine anaviacha wazi. Programu isipoona kisanduku cha 5 na cha 6 haiwezi kujua kwamba fomu inahitajika. Haikulalamika, haikutoa onyo. Ritani zilipokelewa, rejesho la kawaida likaja, kila mtu akafurahi.

Mwaka 2021 alilipwa 241,000, akakatwa ziada ya dola 369. Mwaka 2022, 246,500, ziada 418.50. Mwaka 2023, 238,000, ziada 342. Hakuna mwaka aliovuka 250,000. Jumla ni dola 1,129.50 ambazo hakudaiwa na hakuzidai.

Hapa saa ilianza kutukimbiza. Kudai rejesho la nyuma una miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani, na aliyewasilisha mapema huhesabiwa kama amewasilisha siku ya mwisho. Ritani ya mwaka 2021 mwisho wake ulikuwa Aprili 2022, maana yake ikipita Aprili 2025 zile 369 zimekwenda, hata uwe na ushahidi wa namna gani. Na W-2 ya 2021 alikuwa ameipoteza walipohama. Mwajiri wa wakati ule alikuwa amenunuliwa na kampuni nyingine, na barua pepe zake hazikujibiwa.

Nikamkumbusha kwamba nakala ya kila W-2 hupelekwa serikalini. Mtu akifungua akaunti yake kwenye tovuti ya IRS anaweza kupakua taarifa ya mishahara na mapato ya mwaka husika, na humo mna mshahara wa Medicare na kodi ya Medicare iliyokatwa, bila hata kumwomba mwajiri. Ilikuwepo. 241,000 na 3,863.50. Zidisha ya kwanza kwa 0.0145, toa kwenye ya pili, inabaki 369. Nilimtumia picha ya kikokotoo changu na yeye akanitumia ya kwake. Vijana wawili wa makamo, saa sita usiku, wakishangilia kutoa.

Tukajaza Fomu 1040-X tatu, kila moja na 8959 yake. Za 2022 na 2023 tulizituma kwa mtandao. Ya 2021 ilikuwa ya zamani mno kwa mtandao, ikaenda kwa posta katikati ya Machi, na risiti ya posta tukaihifadhi kana kwamba ni hati ya shamba. Yule mtu wa kodi alipoulizwa alisema hiyo fomu ni ya matajiri. Rafiki yangu hakubishana naye, alichukua faili zake akaondoka.

Mbili za mtandao zilijibiwa kabla ya mwisho wa Juni. Ya karatasi ilichukua mpaka Septemba, nayo ikaja na riba, kwa sababu serikali ikikaa na pesa zako kupita muda hulipa riba. Riba hiyo nayo hutozwa kodi, na Januari ikambidi aitangaze. Alinipigia simu kunieleza hilo huku akicheka.

Kuna kundi jingine ambalo sijaligusa, na najua mnanisoma: wale ambao mke au mume yuko nyumbani. Unafanya kazi Seattle au Minneapolis, mwenzi wako yuko Nakuru, hajawahi kuishi huku. Usijiandike kama mtu asiye na ndoa ili upate kizingiti cha 200,000. Kama una ndoa na unawasilisha peke yako, kizingiti chako ni 125,000. Mwenye mshahara wa 190,000 anadaiwa 0.9 ya 65,000, dola 585, na mwajiri hajakata chochote kwa sababu kwake hujafika 200,000. Sheria inaruhusu kuchagua mwenzi wako ahesabiwe kama mkazi ili muwasilishe pamoja, aombewe namba ya mlipa kodi, na kizingiti kipande mpaka 250,000. Lakini ukichagua hivyo, mapato yake yote ya dunia nzima yanaingia kwenye ritani: duka, kodi za nyumba za kupangisha, mshahara wa huko. Kwa mwenzi asiye na kipato mara nyingi pamoja ni nafuu kubwa, na si kwa ajili ya Medicare tu. Kwa mwenzi mwenye biashara kubwa, kaa chini na mtu anayejua kazi hii, si mimi.

Na walio na kazi za pembeni za kuandika programu, ambao hawapewi W-2: kipato hicho nacho kinahesabiwa, sehemu ya pili ya fomu. Mshahara hutumia kizingiti kwanza, kinachobaki ndicho cha biashara. Asiye na mwenzi mwenye mshahara wa 180,000 na faida ya 40,000: asilimia 92.35 ya faida ni 36,940, kizingiti kilichobaki ni 20,000, kilichozidi ni 16,940, kodi ni dola 152.46. Hii hakuna anayekukatia.

Kama una W-2 hapo karibu, hata ya mwaka juzi, fanya hivi sasa hivi. Chukua kisanduku cha 5, zidisha kwa 0.0145, kisha toa jibu kwenye kisanduku cha 6. Kikibaki sifuri au senti chache, hukukatwa ziada, na swali lako ni kama ulidaiwa. Kikibaki kitu cha maana, fungua ritani ya mwaka huo utafute Fomu 8959, na kwenye 1040 uangalie mstari wa 25c una nini.

Dada anaendelea na wikendi, mbili kwa mwezi badala ya nne. Mama alifanyiwa jicho la pili mwezi wa Mei, na juzi alinilalamikia kwenye simu kwamba sasa anaiona vumbi yote iliyoko nyumbani kwake.